Pamba Ndani ya Bomba

Asubuhi ya Jumatano, siku moja baada ya Kamanthe kufa kwenye meza ya upasuaji, Daktari Lenny Muthoka alichukua koleo dogo, akaliingiza kwenye mdomo wa bomba la chuma la kufyonzea damu, akavuta kipande cha pamba nyeupe. Watu watatu walikuwa wamesimama pale wakimtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Pigieni polisi. Pamba haiingii humu peke yake. Yule mama ameuawa."

Inspekta Kavata alifika Hospitali ya Mtakatifu Bibiana karibu saa nne, akiwa ameshakasirika. Gari la polisi lilikuwa limechemka mara mbili kati ya Machakos mjini na njia ya Muthetheni, na mara zote mbili Konstebo Mbithi alilazimika kushuka na mtungi wa plastiki kuomba maji kwa watu. Getini walikuta jamaa za marehemu wamejaa uani, na mlinzi akawaambia wasubiri, saa ya kuona wagonjwa haijafika.

"Mimi ni polisi," alisema Kavata.

"Hata askofu huwa anasubiri, madam."

Kavata hakupenda kesi za hospitali. Mwizi wa mbuzi huacha nyayo, huacha mavi ya mbuzi njiani, huacha jirani mwenye wivu aliyemwona. Hospitalini kila kitu huoshwa, na kila mtu ana neno refu la kukufungia mlango usoni. Zaidi ya hayo, Daktari Muthoka ndiye aliyempasua mama yake Kavata nyongo miaka michache iliyopita, akamrudisha nyumbani akiwa mzima. Mama alikuwa bado anamtajia jina lake kwenye sala.

Chumba cha upasuaji kilikuwa kimoja tu, chenye meza moja na taa moja kubwa. Kando ya meza ilisimama mashine ya kufyonza, ile ambayo wenyewe waliiita sakshen: pampu kwenye magurudumu, chupa mbili kubwa za plastiki ubavuni, na mpira mrefu unaoishia kwenye bomba la chuma lenye shingo iliyopinda.

Aliyemweleza kazi yake alikuwa Titus, mtaalamu wa dawa za usingizi, kijana mwenye macho mekundu ya mtu aliyekosa kulala.

"Daktari akifungua tumbo, damu inajaa. Ikijaa haoni anachokata wala anachoshona. Hili bomba ndilo linamfungulia njia. Linavuta damu, inapita kwa mpira, inaingia kwa chupa. Likikataa kuvuta, anafanya kazi kama kipofu."

"Na Jumanne lilikataa?"

"Daktari alisema limekataa. Alipiga kelele, 'Haivuti! Haivuti!' Mimi nilikuwa kichwani kwa mgonjwa, na presha yake inashuka kama ndoo kisimani. Niko na mikono miwili tu, afande. Dawa ni mimi, hewa ni mimi, kuongeza maji kwa mshipa ni mimi. Hata chupa za sakshen nilibadilisha mimi. Ya kwanza ilijaa mpaka juu, ikanimwagikia kwa viatu nikiitoa. Ya pili nayo ilikuwa inaenda kujaa. Halafu moyo ukasimama."

Alijifuta uso kwa mkono wa gwanda. Kavata aliandika "kazi nyingi, mtu mmoja", akaendelea.

"Alikuwa na ugonjwa gani, huyo Kamanthe?"

"Uvimbe kwa kizazi. Upasuaji wa kawaida kabisa. Hata alikuwa anacheka nilipomchoma sindano. Aliniuliza kama nitamwimbia."

Lile bomba lilikuwa limewekwa kwenye mfuko wa plastiki, na ile pamba kwenye mfuko mwingine. Kavata aliinua mfuko wa bomba kwenye mwanga wa dirisha. Chuma kiling'aa mpaka akaona pua yake ndani yake, imevutwa kama ya ng'ombe. Pamba ilikuwa donge dogo, laini, lisilozidi punje ya haragwe. Alivifunga vyote na kumkabidhi Mbithi.

Daktari Muthoka alimpokea ofisini kwake kwa heshima. Alikuwa mzee mrefu, mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe juu ya masikio, koti lake limepigwa pasi. Mkono wa kulia ulikaa mfukoni muda wote. Alimwomba mhudumu ndiye amimine chai, na kikombe chake hakukigusa.

"Mama hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, Daktari. Anakusalimia." Kavata alisikia haya, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. "Nieleze ya Jumanne."

"Nilikata mahali pa kukata. Damu kidogo ikatoka, jambo la kawaida. Nikaomba sakshen, ikakataa. Damu ikapanda, nisione kitu. Ningeona ule mshipa, ningeubana. Sikuona." Alifungua mtoto wa meza kwa mkono wa kushoto, akatoa kichupa cha dawa, akatikisa kidonge kimoja moja kwa moja mdomoni. "Presha. Niwie radhi."

"Nani alitayarisha mashine?"

"Masila, fundi wetu wa mitambo. Alikuwa nayo peke yake asubuhi ile. Na tangu mgonjwa afe hakuna kilichoguswa."

"Mko na maneno, wewe na yeye?"

Daktari alitazama dirishani, kule uani waliko jamaa za marehemu. "Hilo muulize yeye. Sipendi kumsema mtu."

Masila alipatikana kwenye kibanda chake nyuma ya jiko, ametoa matumbo ya jenereta na kuyapanga juu ya gunia. Hakusimama.

"Niliijaribu kwa maji Jumanne asubuhi," alisema. "Ilivuta beseni lote. Ikiwa kuna pamba ndani, haikuwa yangu."

"Wanasema wiki iliyopita ulimtukana Daktari mbele ya watu."

"Sikumtukana. Alinirudishia mkasi wa tatu, ati ni mbovu. Nikamwambia vyombo vyangu havina shida. Shida ni mkono unaovishika."

"Unamwambia hivyo mtu aliyepasua nusu ya watu wa Mwala?"

"Sasa si umeuliza?" Masila alichukua spana, akairudisha chini. "Ukweli wenu ni ule mnautaka tu."

Kavata alikuwa na joto, njaa, na mkuu wake, Bwana Rodgers, alikuwa ameshampigia simu mara tatu kuuliza amefika wapi. Mbele yake alikaa mtu mjeuri mwenye ugomvi na daktari, mtu aliyekuwa na mashine peke yake. Alimkamata. Walipokuwa wakimvusha uani, mjomba wa marehemu alirusha jiwe, likampata Masila juu ya jicho. Mbithi alimsukuma ndani ya gari, na gari, kwa ukaidi wake, likakataa kuwaka. Walikaa ndani vioo vimefungwa, watu wakipiga bodi kwa viganja, mpaka mume wa marehemu mwenyewe, Musau, alipokuja na kuwasihi watu wake warudi nyuma. Alikuwa ameshika mfuko wa nguo za mkewe. Hakumtazama Masila hata kidogo. Alimwuliza Kavata kupitia upenyo wa kioo, "Mwili mtanipatia lini?"

"Uchunguzi ukiisha."

"Unaisha lini?"

Kavata alimgeukia Mbithi, akamwambia ajaribu gari tena.

Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Daktari wa serikali wa kuchunguza maiti alisema Kamanthe alikufa kwa kupoteza damu kutokana na mshipa mkubwa uliokatwa, jambo ambalo kila mtu alilijua. Bwana Rodgers alitaka Masila apelekwe kortini Ijumaa kwa shtaka la mauaji. Mke wa Masila alikaa kwenye benchi la kituo tangu asubuhi, hakulia wala hakupiga kelele, akisema neno moja kila Kavata alipopita: "Madam." Masila mwenyewe, jicho limevimba, alirudia sentensi ileile kila alipoulizwa: niliijaribu kwa maji, ilivuta. Na saa sita mama akapiga simu kutoka Ekalakala.

"Nasikia uko kwa kesi ya Daktari. Usimsumbue yule mzee, Kavata. Yule ni mtu wa Mungu."

"Mwaitu, mama yangu, niko kazini."

"Hata mimi nilikuwa kazini nikikuzaa."

Kavata alitoka nje apate hewa. Mbithi alikuwa ameinama kwenye injini ya gari, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Umepata ubovu?"

"Nimepata, afande. Mpira wa rejeta." Mbithi aliinua kipande cha mpira, akachokoa ndani kwa kijiti. Likatoka donge la kutu na uchafu. "Tumekuwa tukiomba maji ya watu bure. Mpira umeziba, maji yanazungukia wapi? Upande ule mwingine hakuna kitu kinaweza kujaa."

Kavata alianza kumjibu jambo lingine, akakumbuka maneno ya Titus.

Ya kwanza ilijaa mpaka juu, ikanimwagikia kwa viatu.

"Mbithi," alisema taratibu, "bomba likiwa na pamba mdomoni, chupa inajaa?"

"Chupa gani?"

"Jibu tu."

"Inajaaje? Si ni kama hii."

Kavata aligonga bodi ya gari kwa ngumi, akaumia. Alikuwa ameisikia habari hiyo tangu Jumatano, kwa masikio yake mawili, akaandika upuuzi mwingine. Mashine ilivuta damu Jumanne, chupa nzima na karibu nyingine tena. Damu ilijaa tumboni kwa sababu ilitoka haraka kuliko bomba lolote lingeweza kuivuta. Basi pamba haikuwamo wakati Kamanthe akifa. Iliingia baadaye.

Alirudi mezani, akatoa bomba kwenye mfuko. Safari hii hakuangalia pua yake. Alisimamisha bomba kwenye mwanga, akatazama ndani kama anayechungulia kwenye bunduki. Safi toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna damu iliyokauka, hakuna doa. Lakini Daktari alikuwa amemwambia kwamba tangu mgonjwa afe hakuna kilichoguswa.

"Washa gari," alimwambia Mbithi. "Tunarudi."

Sista Nduku, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ndiye aliyekaa na ufunguo wa chumba hicho usiku wa Jumanne. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyezoea kusikilizwa na wagonjwa. Kavata alimkuta chumba cha kufulia, akimkwepa kwa kuhesabu mashuka ambayo tayari yalikuwa yamehesabiwa.

"Sista, Jumanne uliondoka saa ngapi?"

"Mara tu tulipomtoa mgonjwa. Nilifunga, nikaenda nyumbani."

"Mlinzi anasema ulirudi jioni."

Kwa kweli mlinzi hakusema kitu. Kavata alikuwa amechoka kuambiwa uongo bila yeye kuwahi kutoa wake. Nduku alishika ukingo wa meza.

"Nilirudi kidogo."

"Ukafanya nini?"

Mashine ya kufulia ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena.

"Uliosha bomba."

Nduku alianza kulia, bila sauti, machozi tu. "Daktari aliniambia, 'Usioshe kitu leo, Nduku, nenda ukapumzike.' Nikaenda. Lakini vyombo vikikaa na damu vinaharibika, na sijawahi kuviacha hivyo tangu nianze kazi hii. Roho ilinikataza kulala. Nikarudi, nikaosha bomba, nikalisugua kwa brashi yake ndefu mpaka ikatokea upande wa pili. Nikarudisha bomba kwa trei kama lilivyokuwa."

"Brashi ilipita mpaka mwisho?"

"Ilipita. Hakukuwa na kitu ndani, afande. Hakukuwa na pamba."

"Na Jumatano asubuhi ukaona pamba inatolewa, ukanyamaza. Masila yuko seli tangu jana na wewe umenyamaza!"

"Ningesema nini? Ufunguo niko nao mimi. Bomba nimeosha mimi. Nikifungua mdomo, si mtasema nimetia mimi?"

Kavata alimtazama. Hilo ndilo lilikuwa likimsumbua tangu njiani. Kwa hesabu ya kawaida, jibu lilikuwa Nduku: bomba lilikuwa tupu jioni, mlango ukafungwa, ufunguo uko naye, asubuhi pamba ikaonekana. Bwana Rodgers angefurahi. Angebadilisha jina kwenye shtaka na kwenda kula chakula cha mchana. Lakini mtu aliyetaka kuficha pamba ndani ya bomba hangekubali kwamba brashi ilipita.

"Nieleze asubuhi ile. Nani alifungua?"

"Mimi. Tuliingia wanne, mimi, Titus, Masila na Daktari. Daktari akasema tuijaribu mashine mbele ya wote. Masila akainama kuiwasha. Ile kelele ikaanza, sisi tukaangalia mshale wa kipimo pale juu kama utapanda."

"Wote?"

"Mimi na Titus tuliangalia mshale. Masila alikuwa ameinama."

"Bomba lilikuwa na nani?"

Nduku alifuta machozi kwa kona ya shuka, na Kavata akaona jibu likimfikia usoni kabla ya kufika mdomoni.

"Aiya," alinong'ona. "Hapana. Huyo ndiye alinilipia chuo, afande."

"Sijauliza alikulipia nini. Lilikuwa na nani?"

"Daktari. Alilichukua kwa trei. Tulipogeuka, alikuwa amesimama dirishani, ameshika bomba na koleo, akasema, 'Njooni muone.'"

Kavata alimwonyesha mfuko wenye donge la pamba. "Hii mnayo kule thieta, chumba cha upasuaji?"

Nduku alilitazama kwa karibu. "Hii hairuhusiwi kuingia. Inaacha manyoya kwa kidonda. Sisi tunatumia shashi, ile iko na uzi wa bluu. Pamba laini namna hii, na nyeupe hivi, mimi naona kwa vichupa vya dawa tu. Ile wanajazia juu vidonge visitikisike."

Jioni hiyo Kavata alipiga simu kwa mfamasia mmoja wa mjini Machakos aliyesoma naye, akamwuliza kama kuna dawa ya presha inayokuja kwenye kichupa chenye pamba.

"Nyingi ninazouza ziko kwa zile karatasi za kubonyeza," alisema mfamasia. "Kichupa chenye pamba? Kuna zinazotoka nje, lakini nyingi si za presha, ni za mishipa na misuli. Umeona jina lake?"

"Bado."

"Huyo mwenye dawa uliona anaimeza vipi? Mkono ulikuwa sawa?"

Kavata alikumbuka mkono wa kulia uliokaa mfukoni, na chai iliyopoa bila kuguswa. Akakumbuka maneno ya Masila, ambayo alikuwa ameyachukua kama matusi. Alilala vibaya.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliwakusanya wote kwenye chumba cha upasuaji. Bwana Rodgers alikuwa amempa mpaka adhuhuri, na alikuwa amempa kwa sauti ya mtu anayefanya hisani. Masila aliletwa na pingu, jicho lake limefunga kabisa. Titus na Nduku walisimama ukutani. Daktari Muthoka aliingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango, mkono mfukoni.

"Nitawasumbua kidogo," alisema Kavata. Alimimina maji kwenye beseni, akachukua bomba lingine la aina ileile, akasukuma donge la pamba ndani ya mdomo wake. "Masila, washa."

Mbithi alimfungua pingu. Masila akainama, akawasha. Pampu ilinguruma. Kavata alizamisha bomba kwenye beseni. Walisubiri, mashine ikilia kama ng'ombe aliyefungiwa. Chupa ilibaki kavu.

Alichomoa pamba kwa koleo, akazamisha tena. Maji yaliruka ndani ya mpira, yakapiga ndani ya chupa, na beseni likabaki na matone machache tu chini.

"Titus, Jumanne ulibadilisha chupa?"

"Ndiyo. Ya kwanza ilikuwa..." Titus aliitazama chupa, kisha akamtazama Daktari. "Ilikuwa imejaa."

"Basi mashine ilivuta. Fundi hakuwa na kosa. Pamba iliingizwa mgonjwa akiwa ameshakufa. Sista Nduku, mwambie Daktari ulichofanya Jumanne jioni."

Nduku alisema akiangalia sakafu. "Niliosha bomba, Daktari. Nilipitisha brashi. Nisamehe."

Kavata alikuwa akimtazama Daktari Muthoka. Alitarajia hasira, na hasira ilikuja kweli, lakini ilidumu kitambo kifupi tu.

"Nilikwambia usioshe!"

Chumba kizima kilisikia. Daktari mwenyewe alisikia. Alifumba macho.

"Ndiyo, ulimwambia," alisema Kavata. "Kwa sababu bomba likioshwa, hakuna mtu angeamini kwamba pamba ilikuwamo. Asubuhi ulilichukua wengine wakiangalia mshale, ukasukuma pamba kwa kidole, ukaitoa mbele yao. Naomba nione ile dawa yako ya presha."

"Unanijua, Kavata. Nilimpasua mama yako kwa mikono hii."

"Ndiyo maana nimekaa na jambo hili usiku mzima. Dawa, Daktari."

Alitoa kichupa kwa mkono wa kushoto, akampa. Hakukuwa na pamba ndani. Kavata alisoma jina kwa sauti kwenye simu, na mfamasia, aliyekuwa akisubiri upande wa pili, hakuhitaji kufikiri.

"Hiyo si ya presha. Ni ya ugonjwa wa kutetemeka. Unaanza mkono mmoja, unashika misuli, inakuwa mizito."

Daktari Muthoka alitoa mkono wa kulia mfukoni kwa mara ya kwanza. Kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, bila kusimama, kama mkono wa mtu anayeviringisha tumbaku. Nduku aligeuza uso.

"Ulianza mwaka jana," alisema Daktari. "Nikikata, ulikuwa unatulia. Nilijiambia maadamu unatulia nikikata, bado mimi ni mpasuaji. Jumanne mkono ulikakamaa ghafla. Kisu kikaenda mahali sikukituma." Alivuta pumzi. "Nilipaza sauti kwamba haivuti. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka tu, na wote mkaliamini. Hata mimi nikaliamini kwa muda. Baadaye nikakaa ofisini nikafikiri, wakisema mashine iko sawa, nitasema nini? Nikatazama kile kichupa na pamba yake."

"Na Masila?"

"Nilidhani mtasema ni uzembe tu. Apewe onyo."

"Uliwaambia wapigie polisi. Ulisema ameuawa."

"Jamaa zake walikuwa uani tangu alfajiri, wanauliza nani amemuua. Walikuwa wanauliza jina." Sauti yake ilishuka. "Ningewapa langu?"

Masila alikuwa amesimama akisugua vifundo vya mikono, mahali pa pingu. Alimsogelea Daktari, na Mbithi akachukua hatua, lakini fundi alisimama umbali wa mkono mmoja tu.

"Nilikwambia upumzike," alisema. "Nilikwambia kwa sababu nilikuona. Sikuenda kwa mtu mwingine. Nilikuja kwako." Akageuka, akatoka nje. Mkewe alikuwa kwenye veranda. Kavata aliwaona kupitia dirisha wakishuka ngazi, mwanamke akiwa amemshika mkono upande wa jicho bovu.

Hakukuwa na furaha yoyote katika kazi hiyo. Bwana Rodgers alilalamika kwamba shtaka limebadilika kutoka mauaji na kuwa kuua kwa uzembe na kubuni ushahidi. Mama hakupokea simu. Na walipokuwa wakimtoa Daktari Muthoka kwenye geti, gari liliingia na mwanamke mwenye uchungu wa uzazi uliokwama tangu asubuhi. Nduku akakimbia kuwaambia waendelee mpaka mjini, hapa hakuna mpasuaji tena. Dereva alimtukana, akageuza gari. Daktari alijaribu kusimama atazame ndani ya gari lile, na Kavata akamshika bega, akamsukuma mbele.

Alasiri alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Musau, upande wa Mwala, ambako ardhi ilikuwa nyekundu na mbuzi walikuwa wamekula mpaka magome. Musau alimletea kiti, akabaki amesimama. Kavata alimweleza yote, mkono, kisu, pamba, bila kupunguza. Ndugu wawili wa Musau walisikiliza wakiwa wameegemea ghala.

Musau aligeuka akatazama shamba lake.

"Angekuja kwangu," alisema mwishowe. "Angesema tu, 'Musau, mkono umeniponyoka.' Ningelia, ningemchukia, pengine baadaye ningemsamehe, kwa sababu mkono ni mkono. Lakini yeye alikaa chini akatafuta pamba. Mke wangu alikuwa bado hajapoa." Alitikisa kichwa. "Hiyo ya pamba siiwezi."

Kavata alisimama. Alitoa simu, akapiga mochari, akatoa namba ya jalada na kusema uchunguzi umekwisha, mwili wa Kamanthe upewe mumewe. Yule wa mochari alisema arudie Jumatatu. Kavata alirudia palepale, kwa sauti iliyowafanya mbuzi wainue vichwa, mpaka akakubaliwa kesho asubuhi.

"Kesho," alimwambia Musau.

Musau aliitikia. Aliingia nyumbani akatoka na majembe matatu, akawapa ndugu zake mawili, na wakaenda pamoja upande wa juu wa shamba, ambako udongo ulikuwa laini kidogo, wakaanza kuchimba.